Muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika

BARUA

Mwalimu, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kijiji kimoja cha Wilaya ya Uvinza, huku Kigoma. Kijiji naomba usikitaje hata kama utakitambua. Ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwa kipindi cha pili sasa, na kanisani ni mhazini wa umoja wa akina mama. Nimesoma majibu yako kwa wengine, nikaona na mimi niseme langu kabla halijanipasua kifua.

Kwetu lipo bonde ambalo wazee walilima mpunga tangu kabla ya vijiji vya ujamaa, na kingoni mwake kuna michikichi yao. Familia nyingi zinakula pale, ikiwemo ya kaka yangu. Tangu serikali ianze kuhimiza zao la michikichi, ardhi ya huku imepanda bei na wageni wenye magari wamekuwa wengi. Mmoja wao ni mtu mzito, nitamwita Mheshimiwa. Huku ni ujombani kwake, na akiingia ofisi yoyote ya wilaya watu wanainuka vitini. Analitaka bonde lote.

Mwezi uliopita mtendaji wa kijiji alimtuma kijana nyumbani kwangu na karatasi. Ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, unasema wananchi kwa kauli moja wameridhia Mheshimiwa apewe bonde. Mwalimu, mkutano huo haukufanyika. Tarehe waliyoandika ilikuwa siku ya gulio, mimi nilikuwa Nguruka nauza mawese, na nusu ya kijiji tulikuwa nao huko. Nyuma ya muhtasari kuna orodha ya mahudhurio. Jina langu limeshachapwa, limebaki pengo la saini tu. Mistari michache chini yangu nikaona jina la mzee mmoja tuliyemzika masika yaliyopita, na mbele ya jina lake pamepigwa dole gumba kwa wino wa bluu.

Hilo dole ni la nani?

Kijana aliacha na bahasha, akamwambia binti yangu ni posho ya kikao. Ndani kuna noti tano za elfu kumi. Iko kabatini mpaka leo, sijui niipeleke wapi. Karatasi nilimrudishia nikisema sina miwani, nitasaini ofisini. Tangu hapo kila nikikutana na mtendaji ananiuliza kama miwani imepatikana.

La pili ni kanisani. Paa letu lilikuwa limechoka, mvua ikinyesha tunahamisha mabenchi. Mheshimiwa ametuletea mabati ya geji 28 ya kanisa zima, na Jumapili ya mwisho ya mwezi huu anakuja kwenye ibada ya shukrani. Nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza habari ya muhtasari. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akafungua Warumi 13, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu", akaniombea, akasema mama, mambo ya ardhi ni ya serikali, sisi tuhubiri Injili. Wenzangu nao wamenipanga niongoze mapishi siku hiyo, tena nisome risala. Risala imeshaandikwa. Aya ya tatu inamwita Mheshimiwa "baba aliyekuja kulikomboa bonde letu".

Mume wangu ni dereva wilayani, mkataba wake unahuishwa kila mwaka. Hajaniambia nisaini wala nisisaini, ananiambia tu, "Mama, fikiria ada." Binti yangu aliye chuo yeye anataka nisimame siku ile ile ya shukrani, mbele ya watu wote, niseme kama Eliya alivyomwambia Ahabu. Ameshaandika na ujumbe wa kurusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwenyekiti anasema wajumbe wengi wameshasaini, jambo limeshapita juu, saini yangu ni ya kukamilisha tu.

Kama limeshapita juu, kusaini ni dhambi bado? Na nisiposaini, ninyamaze, au Mungu atanidai ile sauti? Na yale mapishi, nipike?

Mjumbe, Uvinza


JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Asifiwe milele.

Usisaini. Nakujibu hilo kwanza kwa sababu ndilo jepesi, na kwa sababu nadhani ulishalijua siku ile miwani ilipopotea ghafla. Yaliyobaki ndiyo yanayohitaji karatasi ndefu.

Binti yako ametaja Eliya na Ahabu. Amefungua kitabu penyewe kabisa, ila amekukalisha kwenye kiti kisicho chako. Rudi kwenye 1 Wafalme 21 uisome taratibu, ukiwatafuta watu ambao kwenye mahubiri hatuwataji. Ahabu analitaka shamba la mizabibu la Naboti, liko jirani na jumba lake, alifanye bustani ya mboga. Naboti anakataa kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Mfalme mzima anajitupa kitandani, anageuzia uso ukutani, anasusa kula. Hapo Yezebeli anaingia ofisini. Anaandika barua kwa jina la mfalme, anazigonga muhuri wa mfalme, anazituma kwa wazee na wakubwa wa mji anaokaa Naboti. Barua zinaagiza: tangazeni mfungo, mkalisheni Naboti mbele ya watu, tafuteni wawili wamshuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme, kisha mtoeni nje mkampige kwa mawe.

Tazama vilivyomo humo. Kuna karatasi, kuna muhuri, kuna mashahidi wa kupangwa. Na kuna ibada, maana ule mfungo ulitangazwa ili jambo lionekane la Mungu. Yezebeli hakurusha jiwe hata moja, na Ahabu alikuwa kalala. Kazi yote waliifanya wazee wa mji, majirani wa Naboti, watu waliomjua kwa jina na kwa ukoo. Biblia inasema walitenda kama barua zilivyoagiza, basi. Haimtaji hata mmoja aliyeuliza, "Naboti alimtukana Mungu lini, na nani alikuwepo?" Eliya alipopewa neno la kumpelekea Ahabu, Naboti alikuwa ameshakufa na mfalme yuko shambani anakagua mali.

Kwa hiyo wewe si Eliya. Wewe ni mzee wa mji wa Yezreeli, na barua imekufikia Naboti angali hai, angali anapalilia mpunga wake. Nafasi hiyo Eliya hakuipata.

Kuhusu "limeshapita juu": mtu aliyekwisha kuvuka Malagarasi hahangaiki kutafuta mtumbwi. Kama jambo limepita, mtendaji anakuulizia miwani ya nini? Wanaitaka saini yako kwa sababu bila saini za watu kama wewe hilo jambo halina miguu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji iliyotangulia. Mkutano mkuu ni wakazi wote watu wazima, kuanzia miaka 18. Si nyinyi wajumbe peke yenu, si mwenyekiti, na wala si marehemu. Ndiyo maana wamelazimika kuutunga mkutano. Wangeweza kuruka hatua hiyo wangeiruka, wala usingemwona kijana mlangoni.

Sasa turudi kwa Warumi 13, kwa sababu hapo ndipo naona ulipoumia zaidi, kuliko hata kwenye bahasha. Mchungaji wako alisoma mstari wa kwanza. Sitaki kumvunjia heshima, nitafika kwake. Lakini mamlaka gani inayokuamuru usaini? Mamlaka ya nchi imeweka sheria, na sheria hiyo inataka watu wa kijiji waulizwe. Kutengeneza muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika, ukapachika dole la mtu aliyezikwa, kwa sheria za nchi hii ni kughushi. Anayeiasi mamlaka hapa ni aliyechapa ile orodha. Wewe ukikataa, unaitii Warumi 13 yote, pamoja na mstari wa 4 unaosema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema, na wa 7 unaosema kila mtu alipwe haki yake. Wenye lile bonde nao wamo katika "kila mtu".

Tena aliyeandika Warumi 13 ni Paulo, na Paulo si mtu wa kunyamazishwa kwa bahasha wala kwa mlango wa nyuma. Kule Filipi walimchapa viboko hadharani bila hukumu, wakamtupa gerezani, asubuhi wakamtumia ujumbe atoke zake kimya kimya. Soma Matendo 16:37. Alikataa: sisi ni raia wa Rumi, waje wenyewe watutoe. Na huko mbele, alipoona Wayahudi wa Yerusalemu wanataka arudishwe kwao wamuue njiani, akaikata rufaa kwa Kaisari. Kutii mamlaka kwa Paulo kulikuwa ni pamoja na kuikumbusha mamlaka sheria yake yenyewe, kwa sauti inayosikika, huku akitaja haki yake kifungu kwa kifungu. Nashangaa huwa hatuhubiriwi sura hizo mwaka wa uchaguzi. Tuendelee.

Watu wengi wanadhani kushuhudia mbele ya wakubwa ni kazi ya maaskofu. Wewe mwenyewe unakumbuka Agosti 2023, waraka wa TEC, baraza la maaskofu Wakatoliki wa nchi hii, kuhusu mkataba wa bandari uliposomwa parokiani. Hata sisi tusio Wakatoliki tulikuwa na la kusema wiki nzima, wengine kwa kusifu, wengine kwa kununa. Waraka una kazi yake. Lakini uovu mwingi wa nchi hii hauishi kwenye mikataba ya kurasa mia. Unaishi kwenye orodha za mahudhurio, kwenye hati za malipo, kwenye mizani, kwenye vyeti vya ukaguzi. Kila karatasi ya namna hiyo hupita kwenye mkono wa mtu mdogo ambaye Jumapili yuko kwaya.

Kule Goma, jirani zetu wa Kongo, palikuwa na kijana anaitwa Floribert Bwana Chui. Kazi yake ilikuwa kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia mpakani. Wafanyabiashara walimtaka apitishe mchele ulioharibika, wakampa fedha, wakubwa nao wakamsukuma. Akakataa, kwa kuwa mchele ule ungeliwa na watu. Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri, huko Roma. Sikusimulii ili ujiandae kufa, la hasha, na mimi siombi mtu yeyote wa Uvinza afe kwa sababu ya mpunga. Nakusimulia kwa sababu ya ile kazi yake. Hakuwa mhubiri wala mwanasiasa. Alikuwa na kibali cha kutoa au kunyima, akanyima. Wewe una saini.

Basi namna ya kuinyima. Hapa nisikilize vizuri, maana ujasiri usio na utaratibu nimeuona ukiwamaliza watu wema.

Acha hadithi ya miwani. Najua ilikusaidia siku ile, lakini kila siku inayopita inawafanya waamini kwamba unaelekea kusaini, na wewe mwenyewe unazidi kuchoka. Nenda ofisini mchana, siku ya kazi, usiende peke yako. Nenda na mjumbe mwenzako, mmoja kati ya wale ambao hawajasaini. Mwenyekiti amesema "wengi", hakusema "wote", kwa hiyo wapo. Watafute kabla hujafanya lolote. Mwaka 1992 kule Malawi, enzi za Kamuzu Banda ambapo mtu aliweza kupotea kwa neno moja tu, maaskofu Wakatoliki waliandika barua ya kichungaji kusema hali halisi ya nchi. Waliitia saini wote, ikasomwa makanisani nchi nzima Jumapili moja, tarehe 8 Machi. Waliitwa polisi wakahojiwa, lakini hapakuwa na mmoja wa kumchomoa kwenye kundi. Juni ya mwaka uliofuata wananchi walipiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi. Nyinyi wajumbe mkiwa watatu, hamwezi kuitwa mama mmoja mkorofi.

Mkifika, sema maneno machache. Mimi ningesema hivi: "Ndugu mtendaji, tarehe hii mimi nilikuwa Nguruka. Sikuwepo kwenye mkutano huu, kwa hiyo siwezi kusaini kwamba nilikuwepo." Ukaishia hapo. Usiseme habari ya Mheshimiwa, usitaje nia ya mtu, usiseme "mnaiba". Hujui yote, na hilo moja unalolijua linatosha. Wakikusihi, rudia sentensi ile ile bila kuongeza neno. Wakikuambia uandike "kwa niaba", kataa. Wakikuambia usaini kwanza mkutano utaitishwa baadaye, waambie uitishwe kwanza, utakuja na kiti chako. Lile la marehemu usiliseme kwa mzaha wala kwa hasira, liulize tu: huyu mzee tulimzika, dole hili limepatikanaje? Kisha ukae kimya, uwaache walijibu wenyewe.

Bahasha irudishe siku hiyo hiyo, mbele ya mwenzako, na uandike kwenye daftari: tarehe, saa, noti ngapi, nani alipokea, nani alishuhudia. Mwombe mpokeaji asaini. Akikataa, andika kwamba amekataa. Petro alimwambia Simoni mchawi, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe", ila Petro alikuwa Petro. Wewe sema tu kikao hakikuwepo, posho hainihusu. Endapo hawataipokea kabisa, usiirudishe kabatini. Ipeleke TAKUKURU ofisi ya wilaya, na ukiona kwenda kwa miguu ni kujionyesha mno, wana namba ya bure, 113. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Inamlinda anayepeleka taarifa kwa nia njema kwenye mamlaka husika, na nakuomba uyashike maneno hayo ya mwisho, kwa sababu yanamhusu binti yako.

Mwambie mwanangu asirushe ule ujumbe. Namwelewa, damu inachemka, na kwa hasira yake nampenda kabla sijamwona. Lakini grupu la WhatsApp si mamlaka husika. Ujumbe ukishatoka utaongezwa chumvi, jina la Mheshimiwa litatajwa, mtu mmoja atasema kapewa mamilioni, mwingine atapachika picha isiyohusika, na kesho atakayeitwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ni mwanafunzi wa chuo, si mwenye gari. Kama anataka kazi, anayo: akusaidie kuandika kumbukumbu zako vizuri, na akae na wale wazee wa bonde awaandikie nani analima wapi, tangu lini, mpaka wake ni upi, jirani yake nani. Siku ya mkutano mkuu wa kweli, au siku ya baraza la ardhi, daftari hilo litakuwa na nguvu kuliko ujumbe wa WhatsApp.

Umeuliza kama Mungu atakudai sauti. Nadhani atakudai, ila si Jumapili ya shukrani. Ukisimama pale kanisani kama anavyotaka binti yako, utakuwa umemwaibisha mchungaji, umewagawa akina mama, na Mheshimiwa ataondoka akiwa mgeni aliyetukanwa. Jioni hakuna atakayezungumzia bonde, wote watazungumzia wewe. Nathani alipotumwa kwa Daudi hakumpigia kelele barazani. Alimwendea, akamsimulia habari ya maskini na kondoo wake mmoja, mpaka mfalme akajihukumu kwa kinywa chake. Sauti yako ina mahali pake, nako ni mkutano mkuu wa kijiji. Kwa utaratibu unapaswa kuitwa kila miezi mitatu. Kwenu uliitwa lini mara ya mwisho, ule wa kweli? Anzieni hapo. Wewe na wenzako ombeni kwa maandishi uitishwe, ajenda ikiwa bonde, nakala mpeleke wilayani. Siku hiyo simama useme yote unayoyajua, kwa jina lako, mbele ya mwenyekiti na wenye mashamba. Na Mheshimiwa mwenyewe akaribishwe, aombe ardhi kwa watu macho kwa macho. Huenda wakampa sehemu. Ni haki yao kumpa, kama ilivyo haki yao kumnyima, na hilo lisikuume.

Mumeo. "Fikiria ada" si neno la mtu mbaya, ni neno la mtu anayelala macho wazi. Kaa naye kabla hujaenda ofisini, asilisikie kwa wenzake gereji. Usimwombe awe shujaa pamoja nawe na wala usimtake aache kazi. Katika nyumba ya huyo huyo Ahabu palikuwa na msimamizi anaitwa Obadia. Alibaki kazini, na wakati Yezebeli anawaua manabii yeye aliwaficha mia moja mapangoni, hamsini hamsini, akiwapelekea mkate na maji. Dereva anaweza kuendelea kuendesha gari. Ila sitakuficha: mkataba wake unaweza usihuishwe, na hakuna atakayeandika sababu. Pangeni ada ya muhula ujao kana kwamba mshahara ule hautakuwepo, kwa mawese, kwa mihogo, kwa VICOBA. Kama utahuishwa, mtakuwa mmeweka akiba. Na wewe mwenyewe kipindi kijacho unaweza kukatwa jina kwenye kura za maoni. Utarudi kuwa mwanakijiji, cheo ambacho hakina mtu wa kukunyang'anya.

Nilisema nitafika kwa mchungaji. Kwenye Amosi sura ya 7 yupo kuhani anaitwa Amazia, anamwambia nabii asitabiri tena Betheli kwa kuwa ni mahali patakatifu pa mfalme. Kuhani amesahau patakatifu ni pa nani. Sisemi mchungaji wako ni Amazia. Wa kwako aliinamisha kichwa wakati unaongea, na mtu asiye na dhamiri haangalii chini. Ana paa linalovuja, ana waumini wanaokaa kwa zamu sehemu kavu, na amepewa mabati na mtu ambaye hawezi kumuuliza swali. Rudi kwake. Usiende kumlaumu, nenda kumwambia ulichoamua: Baba Mchungaji, mimi sitasaini kwa kuwa sikuwepo, nimekuja ujue kwangu usijue kwa watu. Mwombe jambo moja dogo, kwamba siku ya mkutano mkuu awepo, akae tu pale na Biblia yake. Hata asiposema neno, atakuwa ameona.

Mabati yenyewe yaacheni juu. Kuna watakaokuambia fedha chafu, yashushwe. Mimi sina ushahidi kwamba ni chafu, na wewe huna. Yalitolewa kama sadaka, yapokelewe kama sadaka, yaandikwe kwenye daftari la kanisa idadi na thamani, shukrani itolewe mara moja, mambo yaishe. Kama aliyatoa akidhani ananunua bonde, hayo ni mahesabu yake. Kanisa halikuwa na bonde la kuuza. Ila wazee wa kanisa wajifunze kuuliza kabla ya kupokea. Hilo nitaliandikia siku nyingine, maana barua za harambee ninazo rundo.

Na mapishi: pika. Pika vizuri, usipunguze nyama kwa hasira. Ni mgeni wa kanisa, na njaa ya mgeni haina siasa. Mkaribishe, mnawishe mikono kama mnavyowafanyia wageni wote. Hata kama atakuwa ameshaambiwa na mtendaji kwamba yule mama amekataa, na nadhani atakuwa ameambiwa, akuone umesimama na sufuria bila kisirani wala woga. Huenda akaomba kuzungumza nawe pembeni. Mwambie kwa adabu mzungumzie ofisini, mwenzako akiwepo.

Risala ndiyo ya kurekebisha. Mwite katibu mapema, si Jumamosi usiku, mwambie aya ya tatu hutaisoma kwa kuwa bonde halikuhitaji mkombozi, na wenye bonde watakuwa wamekaa benchi la nne wakikusikiliza. Aya ya kwanza inakaribisha, ya pili bila shaka inashukuru kwa mabati, hizo zinatosha. Katibu akigoma, mpe asome mwenyewe, wewe ubaki jikoni.